Maji yasiyo na mama: kisa cha weupe kwenye grafu

Alipogeuza kompyuta upande wangu, cha kwanza kuniingia machoni kilikuwa weupe. Grafu nzima ilijaa rangi: mistari ya buluu na ya machungwa iliyopanda mshazari kama mkeka uliosukwa vizuri, miaka karibu ishirini ya mvuke wa maji juu ya vichwa vyetu. Halafu, kwenye paneli ya chini, mwanzoni mwa 2022, palikuwa peupe kama mtu aliyepitisha kifutio.

Tulikuwa Wandegeya, Kampala, jioni, kila mmoja na rolex yake, yaani chapati iliyokunjwa na mayai mawili, na foleni ya boda ikipiga honi nyuma yetu. Mwenye kompyuta ni binti anayesomea shahada ya pili ya fizikia. Baba yake alikuwa mwanajeshi, amekulia kambini kule Arua, na Kiswahili chake ni kile cha kambi: hakijali ngeli wala hakikosi shabaha. Mimi ni mtu wa Busia, kazi yangu ni data za watu wengine. Sijawahi kumfundisha darasani hata siku moja, lakini ananiita mwalimu, nami nimezoea.

"Mwalimu, hii kitu imekataa," alisema. "Nimepakua faili mara tatu. Bando la usiku limeisha. Pengo liko palepale."

Alikuwa akilinganisha sehemu mbili. Ya kwanza ni Uganda yenyewe, kutoka mpaka wa Rwanda hadi mpaka wa Sudan Kusini. Ya pili ni eneo la mbali kusini, kwenye latitudo ya 20 hivi, kutoka Msumbiji hadi Madagaska. Alitaka kuona jinsi mvuke wa maji unavyobadilika kati ya kilomita 16 na 40 kwenda juu, huko stratosfia, tabaka la anga lililo juu ya mawingu ya kawaida, ambako katika molekuli milioni moja za hewa ni nne au tano tu ndizo za maji. Data alizichukua kutoka chombo kiitwacho MLS, kilichomo kwenye setilaiti ya Aura iliyorushwa na Wamarekani tarehe 15 Julai 2004.

Ngoja nieleze kidogo chombo hiki kinavyofanya kazi, maana bila hapo kisa hakieleweki.

Watu wengi wakisikia setilaiti wanafikiria kamera inayotazama chini. MLS haitazami chini. Inaruka kilomita 700 hivi juu ya ardhi na kutazama mbele, kwa ubavu, kwenye ukingo wa dunia pale anga inapokutana na giza la angani. Ukisimama ufukweni Entebbe siku ya ukungu mwepesi, juu ya kichwa chako mbingu ni safi, lakini ukitazama ng'ambo ya ziwa huoni visiwa. Ukungu ni uleule. Ila jicho lako sasa linaupitia kwa urefu. Hesabu ndiyo hiyo. Gesi iliyo haba kiasi cha kutoonekana ukiitazama wima, inajikusanya ukiitazama kwa ubavu, na nyuma yake hakuna ardhi yenye joto ya kukuchanganya. Antena inapanda taratibu kutoka usawa wa chini hadi juu sana, kisha inaanza upya, kila baada ya sekunde 25 hivi. Kila mpando mmoja unatoa profaili moja, yaani orodha ya viwango kutoka chini kwenda juu.

Inachosikiliza ni redio. Kila aina ya molekuli hutoa mawimbi yake yenyewe kwa sababu tu ina joto, na maji yana mstari wake maarufu karibu na gigahezi 183. Chini, ambako kanieneo (mgandamizo wa hewa) ni kubwa, mstari huo hutanuka. Juu hubaki mwembamba. Kwa hiyo umbo la mstari nalo linasimulia urefu. Haihitaji jua, inapima usiku na mchana, tofauti na vyombo vinavyosubiri jua lichomoze au lizame nyuma ya anga ndipo vipime. Vile, kwa mwaka mzima, hupita huku kwetu kwenye ikweta kwa nadra. MLS hupita kila mara.

Kila mara, lakini si kila siku. Swali langu la kwanza kwa binti lilikuwa: "Una profaili ngapi?" Hakujua. Hapo ndipo nilipoweka rolex chini, kwa sababu mtu asiyejua idadi ya vipimo vyake hajui alichochora.

Tukahesabu kwenye karatasi ya kufungia chapati. Aura hurudia njia yake kila siku 16, baada ya mizunguko 233. Kila mzunguko huvuka ikweta mara mbili, hivyo mivuko ni 466 kuzunguka dunia nzima. Uganda ina upana wa nyuzi tano na nusu hivi. Ukigawa, unapata mivuko saba tu juu yetu katika siku 16. Profaili zinapishana kilomita 165 kwenye njia ya setilaiti, kwa hiyo kila mvuko unatuachia tatu au nne. Jumla, hamsini hivi kwa mwezi, nchi nzima. Na kila moja ni wastani wa hewa ya kilomita mia kadhaa kwa urefu, kwa unene wa kilomita tatu hivi. Usikiulize chombo hiki habari za Kampala peke yake. Hakijui Kampala.

"Kumbe ni chache hivyo," alisema.

Ni chache, na ukiwa na hamsini, kichujio kikitupa arobaini, hakuna mwezi tena.

Nikakagua kodi yake, yaani maelekezo aliyoiandikia kompyuta, mstari kwa mstari. Nilikuja na dhana yangu tayari, nayo ilikuwa mbaya: nilidhani amesahau kushughulikia ile namba hasi kubwa ambayo mafaili hutumia kuonyesha kwamba hakuna kipimo. Hakusahau. Kodi ilikuwa safi kuliko ya watu wengi wanaolipwa. Alikuwa amefuata mwongozo wa data neno kwa neno: kila profaili huja na alama zake, moja ya hali ya chombo, moja ya ubora, moja inayoonyesha kama hesabu ilitulia au iliendelea kuyumba. Isiyofikia kiwango, unaitupa. Alizitupa.

Nilimwomba afanye jambo moja. Asizime vichujio vyote. Azime kimoja kimoja, na kila mara aandike idadi ya zilizobaki. Kazi ya dakika tano. Matokeo yalikuja kabla chai haijapoa. Alama ya hali ya chombo haikutupa karibu chochote. Mashine ilikuwa nzima. Zilizokuwa zinatupwa, kwa wingi, siku baada ya siku katika wiki za mwisho wa Januari 2022, zilitupwa na ubora na kule kuyumba kwa hesabu.

Hapa inabidi tuulize alama ya ubora inapima nini hasa. Chombo hakipimi maji moja kwa moja. Kinapima nguvu ya mawimbi, kisha programu inaanza na makisio ya anga ya kawaida, inakokotoa mawimbi yanayotarajiwa kutoka anga hiyo, inalinganisha na yaliyosikika, inarekebisha makisio, inakokotoa tena, mpaka vikaribiane. Vikikaribiana vizuri, ubora ni wa juu. Vikikataa, ubora unashuka. Basi alama ya chini haisemi kwamba hapakuwa na kitu. Programu inasema: nimesikia kitu ambacho siwezi kukieleza kwa anga ninayoijua.

Na tarehe 15 Januari 2022 kulitokea kitu ambacho hakuna programu iliyokijua. Volkano ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai, ambayo mdomo wake uko chini ya bahari kule Pasifiki, ililipuka na kurusha wingu lililofika kilomita 57 juu, ndani ya mesosfia, tabaka lililo juu ya stratosfia. Maji ya bahari yalichemka na kupaa pamoja nalo. Wataalamu wa MLS wenyewe walikadiria baadaye kwamba stratosfia iliongezewa tani milioni 146 za maji, kama asilimia 10 ya maji yote yaliyokuwemo. Watafiti wengine waliotumia maputo ya kawaida ya hali ya hewa, njia tofauti kabisa, walipata angalau tani milioni 50. Makadirio hayalingani, lakini yote mawili hayana mfano tangu watu waanze kupima.

Nilimwonyesha hesabu nyingine kwa sababu nilimwona anashangaa kupita kiasi. Tani milioni 146 za maji ukizimwaga kwenye Ziwa Victoria, ziwa litapanda milimita mbili. Mto Nile pale Jinja, ukichukua mita za ujazo elfu moja kwa sekunde, huzipitisha chini ya siku mbili, na wavuvi hawana habari. Lakini huko juu ni kukavu kiasi kwamba tone letu ni mafuriko yao.

Kwa hiyo pengo la kusini lilikuwa na maelezo. Wingu lilielekea magharibi na upepo wa stratosfia, likapita juu ya Australia, likavuka Bahari ya Hindi, likafika Madagaska na Msumbiji likiwa bado zito. Ndani ya wiki moja hadi mbili lilikuwa limezunguka dunia. Profaili zilizolipitia zilikuwa za ajabu, programu ikayumba, kichujio kikazitupa, na grafu ikaonyesha weupe pale ambapo pangepaswa kuwa na rangi kali kuliko zote. Wataalamu wa MLS walikutana na tatizo hilohilo. Ili kukadiria wingu la siku za mwanzo ilibidi watumie profaili ambazo kwa kawaida zingekataliwa.

Ningeweza kuishia hapo na kisa kingekuwa kizuri. Ila kulikuwa na paneli ya juu, ya Uganda, ambayo haikuwa na pengo. Ilikuwa laini mno. Jirani yake wa kusini alikuwa amepigwa na mafuriko ya karne, na sisi tumekaa kimya kama hatuhusiki.

"Hapa umefanya nini?" nikauliza.

Akasita. Mtu mmoja mwenye cheo kumzidi alimshauri atupe kila thamani inayozidi mikengeuko sanifu mitatu (mara tatu ya mtawanyiko wa kawaida) kutoka wastani wa miaka ya nyuma. Kichujio cha pili, cha kujitengenezea nyumbani. Akakiondoa mbele yangu, na mstari wa Uganda kwenye kilomita 25 ukapanda ndani ya 2022 hadi juu ya kila kitu kilichowahi kupimwa hapo tangu 2004. Huku kwetu mvuke ulifika baadaye, umeshasambaa na kupungua, kwa hiyo profaili zilipita mtihani wa ubora bila shida. Data zilikuwa halali kwa vigezo vya waliozitengeneza. Zilizuiwa mlangoni na sisi wenyewe.

Akautetea uamuzi wake, na utetezi wake ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Alivuta karatasi akachora ile mistari ya mshazari. Kwenye ikweta, hewa huingia stratosfia kutokea chini, ikipenya tabaka lenye baridi kali karibu na kilomita 17, ambako joto hushuka hadi nyuzi 80 chini ya sifuri na zaidi. Baridi hiyo hugandisha maji na kuyaacha nyuma. Januari na Februari baridi huzidi, hewa inayopita ni kavu. Julai na Agosti hupungua, hewa inayopita ina maji zaidi kidogo. Kisha hewa hiyo hupanda polepole sana, chini ya kilomita moja kwa mwezi, ikibeba alama ya mwezi ilioingia. Kavu, majimaji, kavu, majimaji, moja juu ya nyingine. Waliolieleza jambo hili mwaka 1996 walilifananisha na kinasa sauti cha kaseti: kichwa cha kunasia kiko chini pale kwenye baridi, na utepe unapanda. Uganda imekaa moja kwa moja chini ya utepe huo. (Watalii wanaosimama Kayabwe kutazama maji yakizunguka kwenye karai wanatazama mchezo usio na fizikia ndani yake, kitu cha ikweta chenye maana kiko kilomita 17 juu ya kofia zao.)

"Sasa angalia," alisema. "Kila mstari iko na mama. Ukiona maji kilomita 25, unarudi nyuma miezi tisa, kumi na zaidi, unashuka chini, unapata mahali ilizaliwa. Hii ya 2022 nimetafuta. Huku chini 2021 hakuna kitu. Hii maji haina mama. Nikasema ni takataka."

Hoja hiyo si ya mtu mzembe. Ni hoja ya mtu anayeielewa anga vizuri kiasi cha kukataa kisichofuata kanuni zake. Kosa lilikuwa moja tu: kanuni ya kinasa sauti inahusu maji yanayoingia kwa mlango wa chini. Haya yaliingia kwa ubavu. Kukosa mama ndiko kunakothibitisha kwamba hayakutoka kwenye utepe, na kwa hiyo lazima yalitoka kwingine. Ushahidi aliouleta wa kuyafukuza ulikuwa cheti chao cha kuzaliwa.

Hata hivyo sikutaka aniamini kwa maneno. Nilitaka tupate jinsi ya kutofautisha takataka na tukio, kwa sababu kesho atakutana na weupe mwingine usio na volkano. Tukatazama majirani. Takataka ya kipimo huja moja moja, hapa leo, pale kesho, na profaili ya kilomita 165 mbele yake haina habari nayo. Haya yalikuja kwa mfululizo, kwenye viwango viwili vitatu vya urefu vilivyopakana, kwa wiki nzima nzima. Makosa hayapangi foleni. Ile kanuni ya mikengeuko mitatu huchukulia kwamba kila thamani mbaya ni yatima. Ukikuta yatima mia wamevaa sare moja, hiyo ni shule.

Kisha tukafuata kusini siku kwa siku bila kichujio, na doa likahama kutoka mashariki kwenda magharibi, kama upepo wa huko juu ulivyotaka. Kosa la hesabu halipandi upepo. Tukafungua pia dioksidi ya salfa, ambayo MLS huipima kwa kipokezi kingine, kwenye gigahezi 240. Siku za mwanzo ilikuwepo, kwenye njia ileile. Haikuwa nyingi: mlipuko huu ulikadiriwa kutoa gesi hiyo chini ya tani nusu milioni, ukilinganisha na volkano ya Pinatubo ya mwaka 1991 iliyotoa milioni 15 na zaidi. Na katika kisiwa cha Réunion, mashariki tu ya Madagaska, watafiti walirusha maputo siku chache baada ya mlipuko na kulikuta wingu kwa mikono yao, kama mtu anavyoweza kusema.

Hapo alitaka kufuta vichujio vyote na kurudi nyumbani. Nikamzuia, na hapa tulibishana kweli kweli hadi mwenye kibanda akatuuliza kama tunadaiana.

Msimamo wangu ni huu. Profaili iliyoshindwa mtihani wa ubora inaweza kuwa sahihi kuhusu mahali na wakati, lakini kiasi chake sikiamini. Programu imekiri kwamba haikuelewana na mawimbi. Namba iliyotoa ni ya mtu aliyekisia kwa kukata tamaa. Ukiiingiza kwenye wastani wa mwezi, unaingiza ukweli wa tukio pamoja na uongo wa kiwango, na huwezi tena kuvitenganisha. Yeye alisema kuacha pengo ni uongo pia, tena mkubwa, kwa sababu msomaji ataona weupe na kudhani setilaiti ilikuwa imelala. Na kusema kweli alikuwa na haki zaidi kuliko nilivyokubali jioni ile.

Tulichokubaliana ni kuchora tena. Kusini, profaili zilizokataliwa zinaonyeshwa kama vidoa vitupu, bila kuingia kwenye wastani, na chini yake idadi ya profaili kwa kila wiki, zilizopita na zilizotupwa. Kwenye Uganda, ile kanuni ya mikengeuko mitatu imeondolewa kabisa, na hesabu ya mwelekeo wa muda mrefu inafanywa mara mbili: hadi Desemba 2021, na kuendelea hadi mwisho. Matokeo mawili, kando kwa kando. Aliyemshauri hakufurahi, akasema mtu asiyejua atachanganyikiwa. Labda. Sura hiyo ya tasnifu yake ilipita.

Watu wakisikia kisa hiki huniletea mara moja kile cha tundu la ozoni: eti mwaka 1985 Waingereza waliokuwa kituo cha Halley, Antaktika, ndio waligundua, kwa sababu kompyuta ya Wamarekani ilitupa vipimo vya chini mno. Kinasimuliwa vibaya. Vipimo vya setilaiti vilivyoshuka chini ya kiwango kilichowekwa vilitiwa alama ya shaka, na vikahifadhiwa. Waliovisimamia walikuwa tayari wameviona na walikuwa wakivikagua wakati makala ya Farman na wenzake, ndio wale Waingereza wa Halley, ilipotoka Mei 1985. Tofauti kati ya kutia alama na kutupa ndiyo iliyookoa data zile, kwani waliweza kurudi nyuma na kuchora tundu lote. Binti wetu pia aliokolewa na hilo: hakufuta mafaili, alifuta nukta kwenye grafu tu.

Wiki mbili baadaye alinitumia picha kwenye simu usiku. Paneli ya Uganda, sasa imefika mbele zaidi, ile machungwa ya 2022 ikipanda na kufifia taratibu. Lakini upande wa kulia kabisa, kuanzia 2024, weupe tena, mkubwa kuliko wa kwanza, na rangi zimebaki vipande vipande kama meno ya mzee.

Chini yake aliandika: "Mwalimu kabla hujauliza. Profaili nimehesabu. Vichujio nimezima kimoja kimoja. Hakuna iliyotupwa. Hizi siku faili yenyewe iko tupu."

Alikuwa sahihi. Kipokezi cha gigahezi 190, kile kinachosikia mstari wa maji, kilikuwa kimezeeka baada ya miaka ishirini, na ili kidumu walikuwa wakikiwasha siku chache tu kwa mwezi. Siku nyingine zote kilizimwa. Nilimjibu kwamba hilo ni pengo la kweli, aliache jeupe.

"Sawa," aliandika. "Hii nayo iko na mama."